Barua ya wazi kwa dada yangu, kuhusu zile glasi saba

Dada shikamoo. Najua utanuna ukiiona hii, na najua utampigia mama kwanza kabla hujanipigia mimi, ila we mwenyewe umeona kwenye grupu la familia tulivyoanza kubishana mpaka mama akasema grupu ni la misiba na harusi, mambo yenu kamalizeni huko, kwahiyo nimekuja kumalizia huku. Jina lako silitaji. Wa Tanga wenzako watajijua wenyewe.

Unakumbuka Idd pili pale kwako. Watu wameshiba biriani, mtoto wako wa mwisho, mpwa wangu, hajatumwa na mtu, akaokota glasi zote sebuleni akapanga kwenye trei anapeleka jikoni, akafika pale mkeka unapojikunja siku zote (hata mi nilishajikwaa pale), chini. Glasi saba, zile za seti ulizoletewa kutoka Omani. Ukatoka jikoni hujauliza hata kama kajikata, ukamzaba makofi mawili mbele ya wageni, na ukawa unahesabu vipande kwa sauti, hii ya kwanza, hii ya pili. Sawa, hasira, nani hana. Lakini haikupita saa moja mkubwa wake akakutwa chumbani anatoa buku mbili kwenye pochi ya mama, wewe ukacheka ukasema acha hizo wewe, rudisha hela ya bibi. Basi. Hata jicho hukumkata.

Mi nilikaa pale na soda yangu nikawa najiuliza hivi hawa watoto leo wamejifunza nini kwenye hii nyumba. Aliyekuwa anasaidia kapigwa, aliyekuwa anaiba kachekewa, tofauti yao ni bei ya kitu.

Sasa usicheke. Kuna mwanasaikolojia mmoja Mswisi anaitwa Jean Piaget, mwaka 1932 alitoa kitabu kizima kuhusu watoto wanavyojua hili baya hili zuri, na humo ndani kuna kisa ni kama alikuwa sebuleni kwako. Aliwasimulia watoto habari ya mtoto aliyeitwa kula, akafungua mlango, kumbe nyuma ya mlango kuna trei ya vikombe, vikavunjika kumi na tano. Halafu mtoto mwingine anapanda kabatini kuiba jemu mama yake hayupo, kikavunjika kikombe kimoja. Yupi kakosea zaidi? Wale wadogo wadogo walikuwa wanasema wa vikombe kumi na tano, kwasababu kavunja vingi. Wakikua kidogo, kwenye miaka tisa kumi hivi, wengi wanaanza kuangalia alikuwa anafanya nini na alikusudia nini, wanasema mwenye makosa ni yule wa jemu.

Umeona nakoelekea. Samahani sana dada, mi ni mdogo wako na umenibeba mgongoni, ila siku ile ulihukumu kama mtoto wa miaka mitano. Na sikusemi peke yako maana mwaka juzi binti yangu aliniletea chai mezani ikamwagikia laptop na mi nikafanya yaleyale, nilivyoenda kumwomba msamaha usiku nikakuta kashalala na mikono kaiweka chini ya mto. Mpaka leo haleti chai.

Ukanijibu kwenye grupu samaki mkunje angali mbichi. Dada, samaki anayekunjwa ameshakufa. Huyu anapumua na anakuangalia, na anaandika kichwani.

Halafu ukasema siku hizi kawa muongo, ukimuuliza kitu anakukazia macho anasema sio mimi, kwahiyo dawa yake fimbo. Hapo ndo nakataa kabisa. Mwaka 2011 watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, walitoa utafiti wao, walikuwa wameenda Afrika Magharibi kwenye shule mbili za watoto wadogo, miaka mitatu minne, moja ni ya viboko na makofi hata kwa vitu vidogo, nyingine mtoto akikosea anasemwa au anatolewa nje kidogo. Wakacheza nao mchezo, mtoto anakaa kageuka anasikia sauti ya mdoli anabahatisha ni mdoli gani, halafu mtu mzima anatoka anamwambia usigeuke kuchungulia. Wakachungulia wengi shule zote mbili, watoto ni watoto. Ila walipoulizwa umechungulia? wa shule ya viboko karibu wote waliochungulia wakakana, kuliko wale wengine, na sio kukana tu, walikuwa wanajua kudanganya mpaka mwisho, ukimuuliza sasa unadhani ilikuwa nini anajifanya hajui ili asijikamatishe. Mtoto wa miaka mitatu huyo! Yani fimbo haikuondoa uongo, iliunoa.

Na sisi si ndo tulivyolelewa. Unakumbuka shuleni, kengele ya saa moja, aliyechelewa analala chini anakula zake. Kanuni za nchi zinasema viboko visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu, mi hicho kitabu sikuwahi kukiona na vinne hivyo sijui nani alikuwa anahesabu. Wenzetu Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni toka 2001, sisi bado tupo. Kulikuwa na mwenzangu darasani alikuwa anachelewa kila Jumatatu na Alhamisi kwasababu anaenda kuchotea maji bibi yake mgonjwa kabla ya shule, miaka miwili anachapwa na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kumuuliza kwanini. Unajua alijifunza nini? Sio kuwahi. Alijifunza seng'enge imekatika wapi, akatuonyesha na sisi, tukawa tunapita hapo wote.

Kitu kingine, hawa watoto waache watoke nje. Unasema watoto wa mtaani watawaharibu, geti limefungwa, wako na katuni toka asubuhi. Huyohuyo Piaget alikuwa anakaa chini na watoto wa Geneva wanacheza gololi, anawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi, zinabadilishika? Wadogo wanamwambia haziguswi, zimetoka kwa wakubwa, wengine wanasema kwa Mungu, halafu hapohapo wanazivunja bila hata kushtuka. Wakubwa wao wanasema zinabadilishika tukikubaliana wote, na hao ndo wanaozifuata. Mi hii niliielewa haraka sana kwasababu ya gololi za nyuma ya nyumba ya bibi, ukidhulumu hakuna mzazi wa kumwita, ni nyie kwa nyie, mnagombana nusu saa nzima kama kidole kilivuka mstari au hakikuvuka, na ukizidi kudhulumu kesho hupewi namba. Haki niliijulia pale. Sio kwa kuambiwa kuwa na adabu.

Na bibi mwenyewe umemsahau? Umeme umekatika, anatuhadithia sungura na fisi, akifika sungura kamdanganya fisi kamlia mahindi yake anakatisha anauliza, haya, hapo mwenye makosa nani? Tunapigana midomo, wewe siku zote ulikuwa upande wa fisi, ulikuwa unalia kabisa unasema fisi kaonewa. Bibi hasemi jibu. Anasema tutaona kesho, tunaenda kulala na ugomvi wetu.

Baadae nikakuta Mmarekani Lawrence Kohlberg alifanya kitu cha kufanana na hicho kule Chicago, 1958, na wavulana wa miaka 10 mpaka 16. Kisa chake ni mtu ana mke mgonjwa wa kansa, mwenye dawa anaiuza mara kumi ya gharama ya kuitengeneza, jamaa kakusanya nusu tu na mwenye dawa hataki kumkopesha, je aibe? Na yeye Kohlberg aibe au asiibe hakujali sana, alikuwa anasikiliza kwanini. Mmoja anasema asiibe atafungwa, mwingine anasema sheria ni sheria, mwingine anasema uhai unapita mali. Wapo waliomkosoa sana baadae, mmoja ni Carol Gilligan aliyesema we jamaa umesikiliza wavulana tu, na kweli. Ila kile kisa ni kizuri, kwahiyo ile jioni ya Idd wakati wewe umenuna jikoni nilimchukua mpwa wangu barazani, bado anasinasina, nikamsimulia. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikajua hajaelewa. Akaniuliza, anko, yule mwenye dawa anajua kama mgonjwa ana watoto?

Nikamwambia sijui. Akasema, inabidi aambiwe kwanza.

Huyo ndo muongo wako.

Sikwambii usimwadhibu. Mkubwa aliyechukua hela ya bibi alitakiwa akae chini aulizwe alikuwa anataka kununua nini na bibi akienda sokoni akakuta pochi haina kitu itakuaje, na ikibidi akanyimwe simu wiki, mi ningemuunga mkono anayemnyima. Ninachosema uliza kwanza. Hata dakika moja. Na ule mkeka uukunje bwana.

Kingine, alinambia nisikwambie, kwahiyo jifanye hujasoma hapa. Ana kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, ndani kuna elfu moja mia saba, aliniuliza glasi kama zile huku Dar zinauzwa wapi na moja ni shingapi. Nimepita Kariakoo jana, za Omani sijaziona ila kuna za kufanana, nimemwekea mbili pembeni na nitampunguzia kidogo kwenye bei asijue.