Tunapiga picha kwa Olive bila kumjua

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Chicago tuna mazoea ya kuwapeleka wageni wetu kwenye bustani ya Olive, kando ya Ziwa Michigan. Maharusi wetu hupigiwa picha pale, maghorofa ya mji yakiwa nyuma yao. Kiangazi kilichopita binti yangu aliniuliza huyo Olive ni nani, nikakosa la kumjibu. Tangu hapo nimesoma habari zake, na naomba nafasi niwaeleze wenzangu.

Ni Milton Lee Olive wa Tatu, mzaliwa wa Chicago hii hii, askari wa miavuli wa Brigedi ya 173 ya jeshi la Marekani. Tarehe 22 Oktoba 1965 platuni yake ilikuwa ikipenya msituni karibu na Phu Cuong, Vietnam, ikiwasaka Vietcong, wapiganaji wa kikomunisti waliopigana na Marekani. Walimiminiwa risasi, wakalala chini, kisha wakainuka kuwafukuza adui. Olive alikuwa na wenzake wanne bomu la mkono lilipotupwa katikati yao. Alilinyakua, akalilalia. Wale wanne wakapona. Mmoja wao alikuwa kamanda wake wa platuni, Mzungu wa Texas.

Olive alikuwa na miaka 18. Zilibaki siku 16 atimize 19. Nikifika hapo hushindwa kuendelea, kwa sababu nina kijana wa umri huo nyumbani, na asubuhi bado namkumbusha avae koti.

Wapo watakaosema vita vile havikuwa vya haki. Hata mimi naamini hivyo. Lakini si yeye aliyevianzisha, na katika zile sekunde chache mbele yake palikuwa na watu wanne wanaotaka kuishi.

Tarehe 21 Aprili 1966, Ikulu ya Marekani, Rais Johnson aliwakabidhi baba yake na mama yake wa kambo Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Marekani. Olive akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa nishani hiyo kwa vita vya Vietnam. Sheria ya kulinda haki ya weusi kupiga kura ilikuwa imetiwa saini Agosti 1965, miezi miwili na nusu tu kabla hajafa. Kule Mississippi, alikozikwa, mtu mweusi aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura aliweza kufukuzwa kazi, hata kuuawa. Nchi iliyokuwa inasitasita kumpa karatasi ya kura ndiyo aliyoifia.

Ombi langu ni dogo. Kila mnapotangaza matembezi au harusi za pale, msiandike "Olive Park" peke yake. Andikeni jina lake kamili, na chini yake mwandike: askari wa miavuli, miaka 18.

Msomaji wenu,
Chicago