Tukiandika Burma, tusiisahau mota

Mhariri,

Kila Novemba magazeti yetu huwakumbuka babu zetu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia. Tunasoma habari za bunduki, medali na malipo duni waliyorudi nayo. Mota, yaani mtutu wa kurushia mabomu juu angani, haitajwi kabisa, ilhali bila mota huwezi kueleza askari wa miguu alipiganaje kule.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za monsuni zikiwa zimepamba moto. Barabara ziligeuka tope, mizinga mikubwa ikawa taabu kuisogeza, na batalioni iliyo mbele ikategemea mota zake za inchi 3. Bomu la mota hupanda juu sana, kisha hushuka karibu wima, hivyo humfikia adui aliyejificha nyuma ya kilima au shimoni. Mahandaki ya Wajapani yaliyoezekwa magogo mazito mara nyingi yalistahimili, lakini waliomo hawakuthubutu kuinua vichwa huku askari wetu wakisogea. Wapigaji nao walilazimika kutafuta uwazi msituni, maana bomu likigonga tawi juu yao liliweza kuwaua wenyewe.

Na uzito je? Mota hiyo ilizidi kilo 50, ikibebwa kwa mafungu matatu: mtutu, miguu na bamba la kitako. Kila bomu lilikuwa na kilo 4.5 hivi. Mabomu 100 ni kilo 450, na mota moja yaweza kuyamaliza kwa chini ya robo saa. Gari lilipokwama, shehena hiyo ilipanda vilima kwa migongo ya nyumbu na ya watu. Watu hao ndio ninaowasemea.

Hata Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa hivyohivyo. Mota aliyoibuni Mwingereza Wilfred Stokes mwaka 1915 ilifika hadi huku kupigana na Wajerumani, na wapagazi wa Carrier Corps, walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo, ndio waliobeba mizigo ya jeshi.

Basi naomba, mkichapa picha ya askari wa Burma, mtuambie silaha iliyo mbele yake ni ipi, ina uzito gani na ilibebwaje. Makumbusho yetu nayo yaandike hivyo kwenye vibao. Wenye vyeti vya babu zao vya jeshini watazame kama vinataja kikosi cha mota, na gazeti hili liwape nafasi ya kusimulia kabla ya Novemba ijayo.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro