Salum, tangi lako halina ugonjwa

Kigoma, 9 Juni

Ndugu yangu Salum,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Umeniandikia kwamba samaki watatu wa tangi lako wamekufa, na kwamba unamwaga chumvi kuwatibu waliobaki. Picha zako nimezitazama vizuri, na la kwanza ninalokuomba ni uache kumwaga chumvi hiyo. Wale watatu hawakufa kwa maradhi. Angalia picha ya pili: yule wa manjano kajibanza juu pembeni, nyuma ya hita, mapezi kayakunja, mkia umechanika vipande vipande. Maji yakiwa mabaya, samaki wote hupanda juu kuhema, kwa kuwa maji ni yao wote. Huyu yuko juu peke yake, maana yake kuna anayemzuia kushuka. Naye ni yule mweusi mwenye mistari ya samawati iliyofifia, anayekaa katikati kama mwenye nyumba.

Huyo ni Melanochromis auratus, dume. Ulimnunua akiwa wa manjano na mistari myeusi, ndiyo maana ukadhani anaumwa alipobadilika. Haumwi, dume wao akishatawala huwa mweusi. Ni mbuna, yaani samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, ukoo mmoja na sato na perege. Mbuna wote hugombea mawe, lakini auratus amezidi, hata majike wake ni wakali. Ziwani anayeshindwa hukimbia mita chache, ugomvi ukaishia hapo. Kwako akimbilie wapi? Tangi ni sentimita 80 kwa 35 kwa 40, lita 112 kwa hesabu ya daftari. Toa mchanga, mawe na nafasi ya juu, unabaki na kama 85. Hakuna kona ambayo dume yule haioni.

Utaambiwa ujaze samaki wengi ili hasira zigawanyike. Hilo linafanya kazi kwa mbuna, ila kwenye tangi la mita moja na nusu lenye filta za nguvu. Kwenye lita 85 utaongeza kinyesi, amonia (sumu itokanayo nacho) ipande, na safari hii wataugua kweli. Utaambiwa pia upangue mawe ili kila mmoja awe mgeni. Hiyo itakupa utulivu wa siku chache, kisha atachagua jiwe jipya na kuanza upya.

Kwa hiyo auratus wote wawili, dume huyo na mwenzake, watoke. Usiwafukuze kwa neti katikati ya mawe, utawachosha samaki wote bure. Toa mawe kwanza, punguza maji yabaki theluthi moja, kisha tumia neti mbili: moja itulie pembeni, nyingine iwaswage polepole kuielekea. Mrudishie muuzaji au mpe mwenye tangi kubwa. Mtoni usiwatupe kabisa. Yule Tropheus uliyemchanganya nao naye aondoke. Ni samaki wa kundi la 12 na zaidi, mla mwani, na chakula chenye nyama unachowapa wenzake kitamvimbisha tumbo. Wale wa manjano waliobaki, Labidochromis, wana afadhali, lakini nao ni wakubwa mno kwa ninalotaka ufanye.

Ninalotaka ni hili: acha samaki wa Nyasa, hamia wa Ziwa Tanganyika, na uchague wale ambao eneo lao ni dogo. Neolamprologus multifasciatus, dume hafiki sentimita 5 na jike ni mdogo zaidi, huishi ndani ya magamba ya konokono. Kila mmoja anachunga gamba lake na kipande cha mchanga kando yake. Wanatishana siku nzima, wanapanua midomo, wanasukumana, halafu kila mtu anaingia kwake. Chukua 6 hadi 8, uwape magamba 20. Hapo Tanga magamba ya konokono wa shambani wasiokomaa yanafaa, mdomo uwe na upana wa sentimita 2 au 3. Yachemshe, yasuuze, kisha yanuse. Likibaki na harufu, nyama imebaki ndani, rudia. Kauri usihangaike nazo, mdomo wake ni ufa tu, samaki hapiti. Mchanga uwe laini, kina sentimita 5, kwa sababu watachimba na kuyafukia magamba wanavyotaka wao. Usiwapangie upya.

Hayo ni upande wa kushoto. Kulia jenga rundo la mawe hadi karibu na uso wa maji, kwa ajili ya jozi moja ya Julidochromis transcriptus, samaki wa nyufa za mawe. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga watachimba chini yake na rundo litaanguka. Katikati acha mchanga mtupu wa kama sentimita 20, ndio mpaka. Mawe ya chokaa hamyakosi huko, na yanasaidia, maana maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uchachu) iko karibu na 9.

Jozi usinunue dukani kwa macho, dume na jike wanafanana. Nunua wadogo 5, waache wakue. Wawili watakaoanza kukaa mwanya mmoja ndio jozi, wengine watoe mara moja kabla hawajauawa. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: ile mbinu ya kupangua mawe inayotuliza mbuna, kwa hawa inavunja ndoa. Ukihamisha mawe yao wanaweza kugeukiana, na mdogo akapigwa hadi kufa. Safisha kwa mpira wa kunyonya maji, jiwe lisiguswe. Ikitokea wamegombana, wagawe kwa wavu wa plastiki, waonane bila kufikiana.

Muuzaji akikushawishi uongeze Neolamprologus brichardi, wale wenye mkia wa mwezi mwandamo, kataa. Ni wazuri sana, lakini jozi ikizaa kwenye tangi la sentimita 80 hutaka tangi zima.

Wageni waingie taa ikiwa imezimwa, multifasciatus wote siku moja, ili asiwepo aliyetangulia kujitwalia mji. Joto nyuzi 25, ukipandisha hadi 28 wanachangamka na ugomvi unaongezeka. Chakula kidogo mara mbili kwa siku, tupia pande zote mbili. Maji badilisha robo kila wiki, yakiwa yametolewa klorini.

Wale wa manjano usiwatoe leo. Waache hadi siku wageni watakapofika, kinyesi chao ndicho kinacholisha bakteria wa filta wanaoiondoa amonia. Ukiliacha tangi tupu wiki tatu, utaanza na amonia upya. Ukimaliza kupanga mawe, nipigie picha kabla hujaongeza maji hadi juu, nione hilo rundo limesimama vipi.

Wako,
Hamisi