Ghrelini sio stori yote, Mhariri

Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu upasuaji wa kupunguza tumbo nimeisoma mpaka mwisho, imeandikwa vizuri tu, ila kuna pahala pamenikwaza, pale mwandishi anaposema ukikata tumbo umekata na homoni ya njaa, basi njaa imekwisha, kazi imeisha. Hapana jamani. Stori hiyo tamu na ni rahisi kuisimulia lakini panya wa maabara walishaikataa zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Hiyo homoni yenyewe inaitwa ghrelini, iligunduliwa 1999 na Wajapani, kina Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, na waliipata kwenye tumbo la panya. Seli zinazoitengeneza nyingi zimekaa sehemu ya juu ya tumbo, ndiyo hiyohiyo inayokatwa. Mnyama akiwa na njaa inapanda kwenye damu, akishakula inashuka. Kwa hiyo mwandishi wenu hajatunga kitu, panya akitolewa tumbo lote ghrelini inashuka kweli, ingawa haifiki sifuri maana utumbo nao unatengeneza kidogo. Mpaka hapo hatugombani.

Ugomvi unaanza mtu anapoipa ghrelini sifa zote. Watafiti walichukua panya wadogo ambao kijeni hawana ghrelini kabisa, yaani wamezaliwa hivyo, wakawafanyia upasuaji uleule wa kukata tumbo likabaki jembamba kama bomba, majibu yakatoka 2013: walipungua uzito kama wenzao wenye ghrelini. Sasa kama mtu anapungua kwa sababu ghrelini imeondolewa, huyu ambaye hakuwahi kuwa nayo alipunguaje? Na msije mkakimbilia kusema basi ni GLP-1, ile homoni ya utumbo inayomsaidia mnyama kushiba na kutoa insulini, kwa sababu mwaka huohuo wakajaribiwa panya wasio na kipokezi cha GLP-1, yaani pale kwenye seli homoni hiyo inapopokelewa, na wao wakapungua vilevile. Mwaka 2014 ikaja kali zaidi: panya waliokosa kipokezi kiitwacho FXR, ambacho kazi yake ni kuhisi asidi za nyongo, ndio ambao upasuaji ulipungua nguvu kwao. Nyongo! Nani angeiwazia.

Kwa maoni yangu kosa linaanzia hapa, tunawaza homoni kama vile ziko kwenye chupa, ukitoa chupa umetoa homoni. Lakini kinachobaki baada ya kisu hakikai kimya, kinajipanga upya, na kinavyojipanga inategemea umekata wapi.

Chukua gastrini, ambayo ni ya zamani zaidi. John Edkins aliitangaza 1905 na kwa miaka mingi wenzake hawakumwamini, mpaka 1964 watafiti Gregory na Tracy kule Liverpool walipoitoa ikiwa safi kutoka kwenye matumbo ya nguruwe. Gastrini inatengenezwa sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kuingilia utumbo, na kazi yake ni kuiambia sehemu ya juu imwage asidi. Asidi nayo ikishakuwa nyingi ndiyo breki: inaziamsha seli jirani zinazotoa homoni nyingine, somatostatini, na hiyo inainyamazisha gastrini. Sasa mkate panya sehemu ya chini, gastrini inaporomoka, na zile seli za juu zilizokuwa zinapokea amri yake na kutoa histamini, ile kemikali inayochochea asidi, zinasinyaa kwa kukosa kazi. Mkate mwenzake sehemu ya juu, asidi inapotea, breki haipo, gastrini inapanda sana tu. Wote wawili tutasema wamekatwa tumbo, ila homoni yao moja imeenda pande mbili tofauti! Mmarekani mmoja, Lester Dragstedt, alienda mbali zaidi kwa mbwa, akaitoa ile sehemu ya chini akaipandikiza kwenye utumbo mpana, mbali kabisa na asidi, na sehemu ya juu ya tumbo ikaanza kumwaga asidi kupita kiasi. Kipande hakikuwa tena na wa kukizuia.

Utumbo nao una mambo yake. Upasuaji wa kukiunganisha kijifuko cha tumbo moja kwa moja na utumbo, chakula kikaruka duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, unafanya chakula kifike kwa haraka kule chini ambako seli za GLP-1 na za PYY, homoni nyingine ya kushibisha, zimejaa, kwa hiyo baada ya kula hizo mbili zinaruka juu kuliko zamani, na hilo linaonekana mapema. Kuna lingine la polepole, kile kipande cha utumbo kilichopewa kazi mpya kwa panya kinanenepa ukuta, vile vijidole vinavyofyonza chakula vinarefuka, na nyama ikiongezeka na seli za homoni nazo zinaongezeka idadi. Kipimo cha siku za mwanzo na kipimo cha miezi baadaye vinaweza kutoa namba zinazofanana, kumbe chini yake ni vitu viwili tofauti. Halafu kuna lile jaribio ambalo mi nalipenda kuliko yote, wanakata kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba pamoja na mishipa yake ya damu wanakihamishia juu, tumbo lenyewe halijaguswa hata kidogo, na GLP-1 na PYY bado zinapanda baada ya kula.

Lingine ambalo waandishi wa afya wanaliruka ni kwamba tumbo la panya sio tumbo letu lililopunguzwa ukubwa tu. Ukilipasua ukaliosha unaona wazi, nusu moja nyeupe-nyeupe, nyembamba, haina tezi, panya anahifadhia chakula tu, nusu ya pili nyekundu nene, hiyo ndiyo yenye asidi na homoni, na katikati yake kuna ukingo umeinuka kama mshono. Mtafiti anaposema ametoa asilimia kadhaa ya tumbo la panya, cha kwanza kuuliza ni nusu ipi. Nguruwe tumbo lake linakaribiana na letu zaidi, ndiyo maana wengine wanamtumia yeye japo kumlisha ni gharama.

Na msisahau wale panya wa kulinganisha. Kuna wanaopasuliwa wakashonwa bila kukatwa chochote, na kuna wanaopewa chakula kipimo kilekile anachokula aliyekatwa, kwa sababu mnyama akikonda tu, hata kwa kunyimwa chakula, homoni zake zinabadilika, ghrelini kwa mfano inapanda. Utafiti usio na hao wa pili mi huwa nausoma nikiwa nimekunja uso.

Kwa hiyo ombi langu, makala ijayo mwandishi aseme ni mnyama gani, amekatwa sehemu ipi, damu imechukuliwa kabla ya kula au baada, na ni wiki ngapi toka upasuaji. Ni mistari miwili tu haitajaza ukurasa. Na nafasi ikipatikana aguse na mbwa wa kufugwa, maana wapo wanaokatwa ile sehemu ya chini ya tumbo kwa ajili ya uvimbe, gastrini yao nyingi inaondoka na hicho kipande, na sijaona makala yoyote ya Kiswahili inayomweleza mwenye mbwa kwamba asidi ya mnyama wake haitakuwa ile ya mwanzo.

Msomaji wenu wa kila wiki