Mashine imenyamaza

Keko, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Huku hatujambo, shemeji yako anakusalimu. Uliniuliza kwenye simu kama msumeno wangu wa meza umepona. Umepona, ila umenitesa wiki nzima, na kwa kuwa wako nao umeanza kulia, bora nikuambie kabla hujaufungua.

Wangu ulilizwa na beringi, mbili za namba 6203, zimekauka kabisa. Shafti nayo ilikuwa imelika, fundi mkerezaji akaijazia na kuirudisha milimita 17. Kazi yake sina neno nayo. Aliyeharibu ni mimi. Beringi ya kwanza niliiingiza kwenye shafti kwa kugonga duara la nje, nguvu yote ikapita kwenye gololi. Ukiizungusha kwa kidole unaisikia inakwaruza. Nikanunua nyingine. Safari hii shafti ililala kwenye friza (samaki wa mama watoto wakahamia kwa jirani, usiulize maneno niliyopata), nikatafuta kipande cha bomba kinachogusa duara la ndani tu. Ikaingia bila ugomvi.

Nikafunga bledi, nikawasha. Inayumba! Nikakimbilia bolti za chini ya meza, kumbe napoteza jasho bure. Bolti zile zinanyoosha bledi iliyokaa upande, hazitibu inayoyumba. Chomoa waya kwenye umeme, vua bledi, uweke saa ya kupimia, ile ya mshale inayoonyesha mchezo mdogo, kwenye bega la shafti linaloegemewa na bledi, uizungushe shafti kwa mkono. Langu lilicheza milimita 0.05. Utasema si kitu, lakini bega lina upana wa sentimita 5 na bledi 25, kwa hiyo kwenye meno inakuwa mara tano. Chanzo kilikuwa kijinundu kwenye bega, alama ya nyundo yangu mwenyewe siku ya kuitoa shafti. Nilikisugua kwa jiwe la kunolea lililo bapa, taratibu, kikaisha.

Hapo ndipo zamu ya bolti. Weka alama kwenye jino moja, pima umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, zungusha bledi, pima jino lile lile likiwa nyuma. Ukipima meno mawili tofauti utajidanganya. Kwangu nyuma ya bledi ilisogelea reli ya kuegemezea ubao kwa nusu milimita. Ndiyo maana mninga ulikuwa unatoka na ukingo mweusi, na siku moja kipande kilinirukia kifuani. Legeza bolti zote isipokuwa moja, ile usiiachie sana, gonga kwa nyundo ya mti, kaza kidogo kidogo, kisha pima tena maana kukaza nako kunasogeza. Nimeishia 0.1, inanitosha.

Lile bomba nimelifunga kwenye gazeti. Mdogo wako akipita Ijumaa nitampa akuletee. Ukimaliza unirudishie, usifanye kama ile randa yangu.

Wako,
Fundi mwenzio