Haydn na mzaha wake: barua kwa mwalimu wa kwaya

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na kwaya inaendelea na mazoezi ingawa mvua za jioni zinawachelewesha wengi.

Ama baada ya salamu, nimeirudia barua yako zaidi ya mara moja, hasa pale uliposema kwamba mwanamuziki makini hana nafasi ya mzaha, na kwamba mzaha ukiingia heshima hutoka. Hapo nakupinga, na shahidi wangu ni mtu unayemheshimu sana wewe mwenyewe, Joseph Haydn, mtunzi wa muziki wa Austria wa karne ya 18. Ule wimbo wa mbingu kuhubiri utukufu wa Mungu, uliotufundisha kwa miezi mpaka besi wakajua kuingia kwa wakati, ni wa kwake. Unatoka katika kazi kubwa ya kwaya na okestra iitwayo Uumbaji, aliyoimaliza mwaka 1798, akiwa na miaka zaidi ya 60. Miswada yake mingi huanza na maneno ya Kilatini yenye maana ya “kwa jina la Bwana” na kuishia na “sifa kwa Mungu”. Simfoni zake, yaani kazi ndefu za okestra, zinapita 100. Umakini gani tena tunaoutafuta?

Basi mtu huyohuyo, mwaka 1781, alitunga kwateti ya nyuzi, yaani kazi ya wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na selo, ambayo watu wameipa jina la Mzaha. Ni ya pili katika mkusanyo wake uitwao opus 33. Sehemu ya mwisho inakwenda mbio, tamu, wimbo mmoja unarudi na kurudi hadi msikilizaji anaukariri. Ghafla wapigaji wanapunguza mwendo kwa uzito, kama watu wanaotaka kuaga rasmi. Kisha ule wimbo unarudi umekatwa vipande vinne, na katikati ya kipande na kipande kuna kimya. Kila kimya unadhani ndio mwisho. Kipande cha nne kinapigwa, kimya kirefu kuliko vyote kinafuata, watu wanaanza kupiga makofi, na hapo wapigaji wanaingia tena kwa sauti ya chini sana na kipande cha kwanza kabisa. Halafu basi. Kazi imemalizika kwa kipande cha kuanzia!

Sasa wewe unayefundisha solfa fikiria kinachohitajika hapo. Mapumziko yote yamepimwa. Mpigaji mmoja akiharakisha nusu pigo, au akitabasamu kabla ya wakati, kila kitu kimeharibika. Wala mtunzi asingeweza kutudanganya kama asingejua barabara masikio yetu yanangoja nini na wapi. Mimi naona mzaha wa namna hii ni mgumu kuutunga kuliko maombolezo, kwa sababu maombolezo husaidiwa na maneno na huzuni ya waliopo. Huu hauna neno hata moja.

Nyingine unaifahamu, ile simfoni ya 94 iliyopigwa London mwaka 1792, yenye kishindo cha okestra nzima na ngoma baada ya wimbo mwororo unaoimbika hata na mtoto. Watu husema alitaka kuwaamsha waliosinzia. Mwenyewe alipoulizwa uzeeni alikanusha, akasema alitaka kuwashtua watu kwa jambo jipya, maana mwanafunzi wake Pleyel naye alikuwa na maonyesho mjini humo msimu huohuo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kile kishindo hakirudi. Wimbo unarudi mara kadhaa, umejibana ukikingoja, naye anakunyima.

Lakini iliyonigusa kuliko zote ni ya mwaka 1772. Haydn alikuwa mtumishi wa Mkuu Nikolaus Esterházy, na wanamuziki walikaa kwenye kasri lake la mashambani huko Hungaria huku wake na watoto wa wengi wao wamebaki mbali, katika mji wa Eisenstadt. Msimu ukazidi kurefuka. Nani angethubutu kumwambia bwana mkubwa kwamba watu wamechoka? Haydn akatunga simfoni ambayo mwishoni mpigaji mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake na kuondoka, kisha mwingine, kisha mwingine, hadi zikabaki fidla mbili. Bwana akaelewa. Inasimuliwa kwamba kesho yake watu walifungasha. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyevunjiwa heshima, na akina baba wakarudi kwa watoto wao. Ningependa kila mwenye kuongoza wanamuziki aijue habari hii.

Najua utasema kanisani ni kwingine. Hata Haydn alilaumiwa kwamba misa zake zimechangamka mno, na inasimuliwa alijibu kwamba akimfikiria Mungu moyo wake hujaa furaha, naye hawezi kutunga vinginevyo. Ndiyo maana sisemi tupige mizaha ibadani. Nasema tusiwakaripie vijana wanaocheka mazoezini kwa sababu wamegundua jambo la kuchekesha ndani ya noti. Anayecheka hapo amesikiliza.

Nakuomba jambo moja. Itafute ile kwateti, uwasikilizishe vijana wako bila kuwaeleza chochote kabla, kisha uniandikie ni wangapi walipiga makofi mapema.

Wasalimie wote nyumbani, na shemeji umwambie namkumbuka.

Ni mimi rafiki yako,
Sauti ya tatu wako wa zamani