Toubaa ya ndege yenu, kabla hamjalipa

Swahiba,

Salaam aleikum. Natumai wewe na wa nyumbani hamjambo, sisi huku Magongo twashukuru Mungu, joto la kaskazi tu ndo latutoa jasho usiku na mchana. Ujumbe wako wa kuuliza mnunue toubaa gani ya ndege yenu niliupata na zile picha, nikaona afadhali nikuandikie kirefu kuliko kukujibu nusunusu kwenye simu, manake mambo ya toubaa watu huyapita mbio sana, mtu anatoa pesa zake zote kwenye ndege kisha toubaa, kile chuma chenye mpini cha kuivutia ndege ikiwa chini, anaokota chochote kilichoegemezwa ukutani. Nyinyi mmeuliza kabla hamjanunua, na hilo limenifurahisha sana.

Ngoja nikwambie jambo moja kwanza, mengine yatafuata. Kuvuta ndege hata kamba yavuta. Toubaa kazi yake kubwa ni kugeuza lile gurudumu la mbele, na mkono wako ulioshika mpini ndo unaojua kama gurudumu limefika mwisho wa kugeuka au bado. Hakuna taa wala kengele ya kukwambia. Kwa hivo mimi nikiletewa toubaa yoyote swali langu ni hilohilo, je, nikiishika hii nitahisi?

Yenu ni Cessna 172N, manake gurudumu la mbele limeunganishwa na pedali za rubani kwa vyuma vyenye springi. Rubani akikanyaga pedali pekee gurudumu lageuka kama digrii 10 kila upande, akiongeza na breki ya upande mmoja lafika 30, na hapo ndo mwisho. Kitabu cha Cessna chasema wazi kwamba ukiivuta kwa gari usizidishe digrii 30 kutoka katikati, iwe kushoto au kulia, ukizidisha waharibu mguu wa mbele. Sasa chukua saa ya mshale uiangalie, kutoka kwenye 12 hadi kwenye 1 ndo digrii 30, ni kidogo mno yaani, ukiwa watoa ndege kwenye hanga (banda la ndege) iliyobanana wazifikia kabla hujafikiria. Ukipita hapo kuna vizuizi vya chuma vinavyobeba nguvu yote, vyaweza kupinda au kupasuka bila mlio wowote wa kukushtua, ndege itaruka vizuri tu na anayekuja kugundua ni fundi siku ya ukaguzi, au rubani akitua anaona usukani wa chini umelegea na hajui kwa nini. Na kama mnafunga usukani wa mkia usipigwe na upepo mkiegesha, hicho kifungio kitoeni kabla hata hamjaigusa toubaa.

Basi kagua mdomo wa toubaa kabla ya kitu kingine chochote. Wauzaji wanakuonyesha mpini, rangi, jinsi inavyokunjika, lakini kazi yote iko kule mdomoni, kwenye zile pini mbili zinazoingia kwenye matundu ya pande mbili za ekseli ya mbele. Fanya hivi. Ivalishe kwenye gurudumu, nyanyua mpini mpaka kiunoni, kisha uupeleke polepole kushoto na kulia huku mwenzako amechuchumaa pale chini akiangalia tairi. Tairi linatakiwa kuanza kusogea pamoja na mkono wako. Ukiona mpini umeenda upana wa kiganja na tairi bado limetulia, irudishe hiyo, hata kama muuzaji ni jamaa yenu, manake ule uchezo ndo unaokula ile hisia ninayokwambia, unafikiri uko digrii 20 kumbe huna hakika uko wapi. Tena pini iliyolegea yasaga lile tundu kila mnapovuta, na tundu ni la ndege, si la toubaa. Mwambie yule mwenzako pia aangalie kama pini zinaingia mpaka ndani kwenye chuma. Gurudumu lenu kwenye picha naona lina kile kifuniko cheupe cha faiba, sasa kama pini ni fupi zitaishia kwenye kifuniko na mtakuwa mnavuta ndege ya kilo 1,043 ikijaa kwa kutegemea kipande cha faiba, kitapasuka hicho wiki ya kwanza.

Ile nyekundu uliyotumiwa na yule bwana anayesema yaingia kwa ndege zote mimi singeichukua. Ndege zote hazifanani miguu. Piper zina mdomo wao, Cessna wao, kisha kuna Cirrus na Grumman ambazo gurudumu la mbele halikufungwa na pedali kabisa, lajigeukia lenyewe na rubani aongoza kwa breki, huko hisia ni nyingine na toubaa ni nyingine. Zile Super Cub ambazo KWS, wale wa wanyamapori, wanazitumia mbugani ndo usiseme, gurudumu lao dogo liko nyuma kwa hivo toubaa yake yashikia mkiani. Kuna toubaa za kurekebisha upana ambazo kweli zafaa ndege kadhaa, na mwenye karakana ana haki ya kuwa nayo, lakini nyinyi mna ndege moja. Nunueni ya ndege hiyo moja.

Kuhusu yule fundi wa Changamwe mnayetaka awatengenezee, sikatai, mafundi wetu wa jua kali wanachomelea vizuri na mpini ni paipu tu, hauna siri. Lakini msimpe picha ya simu akaja na vipimo vya kukisia. Mpelekeeni toubaa halisi ya 172 aiweke mezani apime, au mwende naye mpaka kwenye gurudumu, na zile pini zikatwe kwa lethi (mashine ya kuchongea chuma) kutoka chuma cha mviringo kilicho sawasawa, asikate nondo akaisugua na grainda. Ile nondo ina mikunjo, itaingia leo na kesho itakwama ndani. Na ile shingo pale paipu inapogawanyika kuwa uma ndo panapopasuka, aizungushe weldi pande zote asiache hata kipande. Akimaliza hivyo mimi nitaiheshimu kuliko nyingi za kuagiza nje.

Urefu sasa, na hapa watu hubishana sana. Ikiwa fupi kichwa chako kiko karibu na propela, na propela ya 172N ina inchi 75 kutoka ncha hadi ncha, sipendi mtu kuinama mbele yake hata injini ikiwa baridi, kwa sababu waya wa magneto, ile inayotoa cheche za injini, ukikatika ile swichi uliyoizima haizimi kitu na propela ikisukumwa kidogo injini yaweza kushika. Ndo maana pia nawaambia msivute wala kusukuma ndege kwa kushika propela, kuna watu wanafanya hivyo kila siku na wanaona ni kawaida. Ikiwa ndefu nayo, mtu anayeishika ana nguvu nyingi kuliko anavyojua, yaani kile kizuizi cha digrii 30 kinachokataa utakishinda bila kuhisi kwamba kimekataa. Mimi nachagua ile ya katikati, ukisimama umenyooka mkono umeshuka wenyewe, propela iko mbali na uso na unaona ncha za mabawa yote mawili. Mabawa yenu ni mita 11 kutoka huku hadi kule, mtu mmoja wa kutembea na ncha ya bawa anahitajika hata muwe na toubaa ya dhahabu. Kusi ikianza mtanielewa zaidi, ule upepo wa mchana ukishika mkia ubavuni ndege yataka kugeuka yenyewe na mpini unakuvuta mkono, hapo msishindane nao, simameni, mwekeni mwengine asukume kwenye mguu wa bawa pale unapokutana na mwili.

Za mota umeniuliza na naona wenzako wamezipenda. Kuna za petroli na kuna za betri, zina kigurudumu kinachosugua tairi ama kulizungusha, na kwa mtu mmoja mwenye ndege nzito na hanga yenye mteremko ni msaada mkubwa, siwezi kusema vibaya. Lakini 172 kwenye sakafu tambarare mtu mmoja aisogeza. Nyinyi hapo Ukunda mko zaidi ya mmoja kila mnaporuka na ndege yenyewe inalala kwenye simenti. Pesa ya mota nunueni kamba nzuri za kufungia ndege. Na gari msitumie kabisa, hata kama dereva ni mtaratibu kiasi gani, aliyekaa kwenye kiti cha gari hana mkono kwenye mpini na digrii 30 atazijua zikishapita.

Halafu mnapanga kwenda nayo Tsavo na Malindi, kwa hivo mtaibeba. Pimeni mlango wa mizigo kabla hamjalipa, isiwe inaingia kwa kupindishwa na kukwaruza. Inayogawanyika vipande viwili ni rahisi kubeba lakini ule muungio nao una uchezo wake, ipimeni vilevile kama nilivyosema, ikiwa imeunganishwa na imekazwa. Sehemu ya mizigo ya mbele kwenye 172N mwisho wake ni pauni 120, kama kilo 54, na toubaa imo humo, iandikeni kwenye hesabu ya uzito. Kisha ifungeni. Chuma kilichowekwa tu nyuma ya viti, mkipigwa na mawimbi ya hewa ya saa nane mchana kule juu ya Taru, kitakuja mbele.

Chumvi ya huku kwetu waijua. Toubaa ya chuma yaanza kuoza ndani ya paipu ambapo huoni, kwa hivo iwe imezibwa kabisa ama iwe na kitundu chini maji yatoke. Ya alumini ni nyepesi na mimi naipenda, ila pale alumini inapogusana na pini za chuma hewa ya bahari huila, utaona unga mweupe, pakeni grisi na mpanguse. Mkiiosha tumieni maji ya mfereji, ya kisima hapo Diani mengi yana chumvi na mtakuwa mwaongeza.

Rangi ipakeni nyekundu au njano ya kung'aa, na mfunge kitambaa chekundu kirefu kwenye mpini. Hili ndo nakuomba zaidi ya yote mengine. Toubaa ikae kwenye gurudumu wakati mkono uko juu yake tu, mkono ukitoka nayo itoke, hata kama unaenda kujibu simu, hata kama ni dakika moja. Rubani aliyeketi ndani haioni, iko chini ya pua. Akiwasha injini propela inaipiga, na hapo hamnyooshi propela mkaendelea. Lycoming, watengenezaji wa injini yenu, kwenye waraka wao nambari 533 wameeleza injini ikaguliwe vipi propela ikipiga kitu. Ni injini kufunguliwa hiyo. Ni ndege kukaa chini miezi wakati vipande vyasubiriwa, na ni heri iwe hivyo kuliko vile vipande vya chuma kumrukia mtu aliyesimama karibu. Pangeni mahali pamoja pa kuiweka, mlangoni mwa hanga palipo wazi, ili rubani kabla ya kupanda aione kwa macho iko pale. Asipoiona pale asipande.

Ah, na lile la hanga nilitaka kusahau. Mkiwa mwairudisha ndani kinyumenyume na kuna ile tuta ndogo mlangoni, msiiruke kwa kasi. Shoki ya mbele ikibonyea mkia wapanda, ikinyooka mkia washuka, na kitabu chenyewe kinaonya kwamba mkia waweza kugonga mlango mfupi ndege ikiyumbayumba hivyo. Shoki ikiwa imeisha upepo ama tairi la mbele liko chini, mkia umeshapanda hata kabla hamjaanza. Angalieni hivyo viwili kwanza, sogezeni polepole, mmoja abaki nyuma akiangalia ule mwanya wa juu.

Sasa nitumie haya kabla hujalipa mtu yeyote. Kipenyo cha ndani cha lile tundu la ekseli, pimeni kwa vernia, kile kipimo cha fundi chenye meno ya kubana, si kwa rula. Umbali kutoka tundu la upande mmoja mpaka la pili. Na upana wa mlango wa mizigo. Jumamosi mimi nipo, nikivuka feri asubuhi nitakuwa kwako kabla ya adhuhuri, nitakuja na toubaa ya 172 ya kuazima ambayo naijua imekaa vizuri, muishike kwa mikono yenu, halafu tuipeleke kwa huyo fundi akaipime.

Wasalimie wenzako wote, na mama mpe mkono wangu.

Ni mimi swahiba wako,
Magongo, Mombasa